Fahamu: Mazao ya kufunika udongo yanavyorudisha nitrojeni ya mahindi, na yanavyogusa soko la mbolea

Lori la tani 30 linalovuka Namanga au Tunduma likiwa na mahindi linabeba pia kitu ambacho hakiandikwi kwenye hati za forodha. Punje ya mahindi ina takriban asilimia 1.5 ya nitrojeni. Kwa hiyo mzigo huo mmoja una karibu kilo 450 za nitrojeni iliyotoka kwenye udongo wa mkulima. Ukitaka kuirudisha kwa urea utahitaji mifuko ipatayo 20 ya kilo 50, kabla hujahesabu ile itakayopotea njiani kati ya udongo na mmea.

Mfanyabiashara wa mahindi anaijua hesabu hii kwa upande mmoja tu, yaani pale muuza pembejeo anapouza mbolea. Upo upande wa pili unaozidi kuzungumzwa na maofisa ugani wa Tanzania, Kenya, Malawi na Zambia: kupanda zao la kufunika udongo baada ya mahindi au katikati ya mahindi, ili msimu unaofuata sehemu ya nitrojeni iwe tayari iko shambani. Makala hii inaeleza jambo hilo linavyofanya kazi, mipaka yake, na maana yake kwa anayeuza mbolea, anayenunua mikunde na anayesafirisha vyote viwili.

NITROJENI INAPIMWAJE KATIKA MFUKO

Wengi hulinganisha mbolea kwa bei ya mfuko. Kipimo sahihi ni kilo za nitrojeni zilizomo ndani ya mfuko wa kilo 50:

- Urea (asilimia 46): kilo 23
- CAN (asilimia 26): kilo 13
- DAP (asilimia 18): kilo 9, pamoja na fosfeti kilo 23

Shamba la hekta moja (karibu ekari mbili na nusu) linalotoa tani 3 za mahindi huhitaji nitrojeni ya kilo 60 hadi 70 kwa punje na mabua kwa pamoja. Tatizo ni kwamba mmea haupati yote iliyowekwa. Mara nyingi mahindi huchukua nusu au chini ya nusu ya nitrojeni ya mbolea. Inayobaki huzama na maji, hupaa hewani kama gesi, au hushikwa na udongo. Ndiyo maana mkulima anayetegemea urea peke yake hulazimika kuweka nyingi kuliko mahitaji ya mmea.

ZAO LA KUFUNIKA UDONGO HUFANYA KAZI MBILI

Utafiti mwingi kuhusu mazao haya umefanyika Marekani, na inafaa kuanzia huko kwa sababu ndiko kazi zake mbili zinakoonekana waziwazi. Mahindi huvunwa kati ya Septemba na Novemba, kisha shamba hubaki tupu majira yote ya baridi hadi Aprili au Mei. Katika kipindi hicho mvua na theluji inayoyeyuka huosha nitreti iliyobaki ardhini na kuipeleka mitoni. Jimbo la Maryland, lililo kando ya ghuba ya Chesapeake, limekuwa likiwalipa wakulima ruzuku ya kupanda mazao ya majira ya baridi ili nitrojeni hiyo isiingie kwenye maji ya ghuba.

Kazi ya kwanza ni kunasa. Wakulima hupanda rai, nafaka ya jamii ya ngano, ambayo mizizi yake hunyonya nitreti iliyosalia. Rai haileti nitrojeni mpya. Huweka akiba iliyopo. Tena ina hatari yake. Ikiachwa ikakomaa na kuwa na mashina magumu, vijidudu vinavyoiozesha huchukua nitrojeni ya udongo kwa matumizi yao, na mahindi yanayopandwa juu yake hugeuka manjano kwa njaa. Kwa sababu hiyo wakulima wa huko hushauriwa kuiua wiki mbili hivi kabla ya kupanda mahindi, na kuweka mbolea kidogo wakati wa kupanda.

Kazi ya pili ni kuleta. Mimea ya jamii ya mikunde, kama vechi na klova, hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, na bakteria hao huchukua nitrojeni ya hewani na kuibadilisha iweze kutumika na mmea. Vechi iliyokua vizuri inaweza kuacha zaidi ya kilo 100 za nitrojeni kwa hekta. Kwa kuwa majani yake ni laini, huoza haraka na mahindi huanza kufaidi ndani ya wiki chache.

Tofauti ya rai na vechi inabebwa na kipimo kimoja: uwiano wa kaboni na nitrojeni. Masalia yenye kaboni hadi mara 20 au 25 ya nitrojeni huachia nitrojeni yanapooza. Yakizidi hapo huishikilia kwanza. Mabua ya mahindi yana uwiano wa 60 au zaidi, na ndiyo maana kufukia mabua peke yake karibu na kupanda huwa kunadumaza mahindi.

KWETU HAKUNA THELUJI, LAKINI HASARA IPO

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Malawi na Zambia huvuna mahindi kuanzia Mei hadi Julai. Hufuata kipupwe, kisha kiangazi, hadi mvua za Novemba. Shamba hukaa tupu karibu nusu mwaka. Kwa kuwa hakuna mvua, nitrojeni haioshwi katika kipindi hicho. Hasara yetu huja mwanzoni mwa mvua.

Jambo hilo lilielezwa kisayansi hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokauka muda mrefu, ukilowa ghafla, hulipuka kwa shughuli za vijidudu na kuachia nitrojeni nyingi kwa siku chache. Wataalamu duniani hadi leo huliita jambo hilo kwa jina lake.

Kwa mkulima maana yake ni hii: mvua ya kwanza hutoa mbolea ya bure, lakini mahindi bado hayajaota au yana mizizi mifupi. Mvua nzito ya wiki zinazofuata huisukuma nitreti chini, mahali ambapo mizizi ya mahindi haifiki. Anayechelewa kupanda kwa wiki mbili amepoteza mbolea ambayo hakuinunua. Na muuza pembejeo anayechelewesha mbegu kwa sababu lori limekwama mpakani amechangia hasara hiyo.

Zao la kufunika udongo lenye mizizi mirefu huingia hapo. Hunyonya nitreti iliyozama na kuirudisha juu katika majani yake. Likiwa la jamii ya mikunde, huongeza na ile ya hewani.

MIMEA INAYOTUMIKA KATIKA NCHI ZETU

Mbaazi. Hupandwa pamoja na mahindi katika maeneo kama Babati mkoani Manyara. Mahindi huvunwa kwanza. Mbaazi hubaki shambani ikiishi kwa unyevu wa chini, na huvunwa kati ya Agosti na Oktoba. Majani yake mengi hudondoka kabla ya mavuno, kwa hiyo hata punje ikiuzwa, sehemu ya nitrojeni hubaki.

Ngwara. Wakenya huiita njahi, nayo ni chakula cha heshima hasa kwa Wakikuyu, katika sherehe na kwa mama aliyejifungua. Hulimwa Karatu na wilaya nyingine za kaskazini mwa Tanzania, na soko lake kubwa liko ng'ambo ya Namanga. Hustahimili ukame na hufunika ardhi vizuri. Aina inayofahamika duniani kwa jina la Rongai ilitoka Kenya, ikaidhinishwa Australia mwaka 1962 kwa ajili ya malisho.

Marejea. Mmea huu wenye maua ya njano ulienezwa sana mkoani Ruvuma na wamisionari wa Peramiho katika miaka ya 1980 kama mbolea ya kijani na njia ya kuzuia magugu. Hukua haraka na hufukiwa ukiwa mbichi.

Mukuna. Ni ndugu wa upupu, ila aina zinazolimwa haziwashi. Hutoa majani mengi mno na huweza kukusanya kilo 100 hadi 200 za nitrojeni kwa hekta kwenye ardhi nzuri. Mbegu zake zina kemikali inayozuia kuliwa bila kuandaliwa kwa uangalifu.

Desmodiamu. Hupandwa kati ya mistari ya mahindi magharibi mwa Kenya na kanda ya ziwa, katika mfumo wa sukuma-vuta ulioendelezwa na taasisi ya ICIPE. Pamoja na kuongeza nitrojeni, hudhibiti viluwiluwi vinavyotoboa mabua na gugu la kiduha, na majani yake ni malisho.

KIASI GANI HUMFIKIA MAHINDI

Hapa ndipo maneno ya semina na hesabu ya duka huachana, na mfanyabiashara anapaswa kuwa makini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu mbaazi zilizochanganywa na mahindi ulikuta kwamba katika maeneo ya Malawi mbaazi zilichota hewani kati ya kilo 37 na 117 za nitrojeni kwa hekta, na Tanzania, huko Babati na Gairo, kati ya kilo 6 na 71. Tazama tofauti hiyo: zao ni lilelile, matokeo yanatofautiana zaidi ya mara kumi. Mvua, fosforasi ya udongo na wingi wa mimea ndivyo huamua.

Pili, nitrojeni iliyomo kwenye majani haiendi yote kwa mahindi yanayofuata. Kwa kawaida zao la kwanza hupata asilimia 10 hadi 30 tu. Inayobaki huingia kwenye mboji ya udongo na kutoka polepole kwa miaka, au hupotea.

Chukua mfano. Marejea yaliyofukiwa yana kilo 100 za nitrojeni kwa hekta, na mahindi yamepata asilimia 20, yaani kilo 20. Mfuko mmoja wa urea una kilo 23. Mahindi yakipata asilimia 40, ni kilo 9 hivi. Kwa hesabu hiyo marejea yamefanya kazi ya mifuko miwili ya urea kwa hekta, chini kidogo ya mfuko mmoja kwa ekari. Si haba, lakini si mwisho wa biashara ya urea.

Matokeo bora hupatikana pale vyote viwili vinapotumika. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha mamia ya mashamba ya wakulima, ulionyesha kwamba mahindi yaliyozungushwa na mikunde ya muda mrefu kama mbaazi, yakipewa nusu ya mbolea, yalitoa mavuno sawa na mahindi matupu yaliyopewa mbolea kamili, na mavuno hayo hayakuyumba sana mwaka hadi mwaka. Kwa anayenunua mahindi kwa mkataba, kutoyumba huko kuna thamani yake.

SOKO LINAPOVUTANA NA UDONGO

Ukiangalia orodha ya mimea hapo juu utaona mvutano wa kiuchumi. Mimea inayoacha nitrojeni nyingi zaidi, yaani mukuna na marejea, haina mnunuzi wa punje. Mkulima wa ekari mbili haachi ardhi yake msimu mzima kwa zao lisiloingiza fedha. Kwa upande mwingine, mikunde yenye soko zuri huuza nitrojeni yake pamoja na punje. Maharage ni mfano mkali: hung'olewa na mizizi, hupelekwa nyumbani kupigwa, punje huenda sokoni na maganda huliwa na ng'ombe. Shamba hubaki na kidogo sana.

Tani 30 za mbaazi zina karibu kilo 1,000 za nitrojeni, sawa na zaidi ya mifuko 40 ya urea. Tofauti na lori la mahindi tulilolitaja mwanzo, sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo ilitoka hewani na si udongoni, na majani yalidondoka kabla ya mavuno. Ndiyo sababu mbaazi na ngwara ni suluhu ya katikati: zina mnunuzi, na bado zinaacha kitu.

Lakini zao lenye mnunuzi wa nje lina hatari ya mnunuzi wa nje. Agosti 2017 India, ambayo ndiyo soko kuu la mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kuingiza tani 200,000 kwa mwaka. Bei kwa wakulima wa Tanzania, Malawi na Msumbiji iliporomoka, na mizigo ikalala maghalani. India ilifungua tena mlango Mei 2021. Mkulima aliyeacha mbaazi kwa sababu ya bei aliacha pia nitrojeni yake, na msimu uliofuata alihitaji urea zaidi kwa mavuno yaleyale.

Hali iligeuka upande wa pili mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha zaidi bei ya mbolea iliyokuwa tayari juu, na serikali za Tanzania na Kenya zikaingiza ruzuku. Kwa lugha ya uchumi, mikunde na urea ni mbadala wa sehemu: bei ya kimoja ikipanda, kingine hupata wateja. Lakini mbegu za mikunde haziagizwi kwa wiki mbili. Asiyezihifadhi mapema hana cha kuuza bei ya urea inapopaa.

MAMBO MANNE YANAYOHARIBU MATOKEO

1. Masalia kuondolewa. Mabua na majani huuzwa kama malisho, hasa Arusha na Kilimanjaro ambako pikapu za mabua ni jambo la kawaida. Ni biashara halali, lakini kila pikapu inaondoka na nitrojeni. Samadi isiporudi shambani, akiba imekwisha.

2. Mifugo huria. Mara mahindi yanapovunwa, katika vijiji vingi ng'ombe huachiwa mashamba. Zao la kipupwe halidumu pasipo sheria ndogo za kijiji au uzio.

3. Upungufu wa fosforasi. Vinundu havifanyi kazi vizuri bila fosforasi. Kwa hiyo kijiji kinachoanza kulima mikunde kwa wingi kinaweza kununua urea kidogo lakini kikahitaji zaidi DAP, TSP au fosfeti ya Minjingu.

4. Maji. Zao la ziada hunywa unyevu. Katika maeneo makavu linaweza kuacha udongo mkavu kuliko kawaida, na mvua ikichelewa mahindi ndiyo yanayoumia.

KWA MUUZA PEMBEJEO NA MSAFIRISHAJI

Kabla ya kujaza ghala la urea mahali fulani, uliza maswali haya: Wakulima wa hapa walipanda mikunde gani msimu uliopita? Walivuna punje tu au waling'oa mmea mzima? Majani yako shambani au yameuzwa? Walitumia mbolea ya fosfeti? Majibu hayatakupa idadi kamili ya mifuko, lakini yatakuambia kama mahitaji ya mbolea ya kukuzia yatakuwa kamili au pungufu.

Kumbuka pia muda. Nitrojeni ya majani hutoka mapema, wiki za mwanzo za mvua. Mahindi huhitaji nitrojeni kwa wingi kuanzia yanapofika magotini hadi yanapotoa mbelewele. Kwa hiyo hata palipo na mikunde mizuri, mfuko wa kukuzia bado una nafasi. Unaoweza kupunguzwa kwa urahisi zaidi ni nitrojeni ya kupandia.

Kuhusu mbegu, usichanganye nafaka na mbegu. Ngwara iliyonunuliwa mnadani kwa ajili ya kula si mbegu kwa sababu tu inaota. Mbegu inayovuka mpaka huhitaji kibali cha kuingiza kabla ya mzigo kuondoka, pamoja na cheti cha afya ya mimea. Kwa upande wa Kenya mamlaka ni KEPHIS, na Tanzania ni TPHPA kwa afya ya mimea na TOSCI kwa ubora wa mbegu. Mzigo wa mbegu ulioandikwa kama nafaka ukizuiwa mpakani wiki tatu, msimu wa mteja wako umepita.

Bakteria wa kuchanja mbegu, wanaotumika sana kwa soya, ni viumbe hai. Wakisafirishwa chini ya turubai lenye joto au kukaa juani kwenye maegesho ya mpakani, hufa, na mnunuzi atapata unga usio na kazi. Wawekwe kivulini, mahali penye ubaridi, na waangaliwe tarehe ya mwisho. Mbaazi na ngwara kwa kawaida hupata bakteria wao kwenye udongo wetu bila kuchanjwa.

Kwa mwenye lori, mikunde na mbolea vinakamilishana. Mbaazi hushuka kuelekea bandarini kuanzia Agosti hadi Novemba, wakati uleule mbolea ya msimu mpya inapopanda kwenda mikoani. Anayepanga mizigo hiyo kwa pamoja ana mzigo wa kwenda na wa kurudi. Safisha tu bodi kikamilifu kati ya mizigo miwili: urea hunyonya unyevu na kuacha chembechembe, na punje za chakula zilizochanganyika na mbolea hazina mnunuzi.

Mbolea ya ruzuku nchini Tanzania huuzwa kwa mkulima aliyesajiliwa. Usikubali kuibeba kuelekea mpakani, hata nauli iwe nzuri namna gani.

KWA KIFUPI

Zao la kufunika udongo hupunguza mahitaji ya urea, haliyaondoi. Kipimo cha faida si jina la mmea uliopandwa bali kiasi cha majani yaliyobaki shambani mvua inapoanza. Mnunuzi anayechukua punje na kuacha masalia kwa mkulima analinda mzigo wake wa mwaka kesho. Anayenunua punje, mabua na maganda yote kwa pamoja anapaswa kujua kwamba lori lake linaondoka na mbolea, na kwamba mtu fulani italazimu ainunue tena.